Naomba ushauri: kupanda Tallac kwa viatu vya theluji mwaka huu wa theluji nyingi

MgumuWaMarangu (Aprili 11, 2023)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 6, nikaongoza wageni miaka 9, kisha nikahamia huku Reno, Nevada. Baridi naijua, mwinuko naujua. Mgeni akianza kujikwaa mahali pasipo na jiwe najua kichwa kimeshaanza kumsumbua. Nayasema haya mapema ili mjue ninachouliza na nisichouliza.

Mimi na mpwa wangu (ana miaka 19, anasoma huku) tunataka kupanda Mlima Tallac, ule uliosimama juu ya Ziwa Tahoe upande wa kusini magharibi. Kilele chake ni mita 2,967. Kwa hesabu za nyumbani hapo ni juu kidogo tu ya kambi ya Mandara: siku ya kwanza ya safari, mgeni bado anapiga picha mbega mitini. Kwa hiyo niliuhesabu kuwa matembezi ya kutwa moja.

Jumamosi moja ya Februari tulikwenda Echo Lake kujaribu. Nilikuwa nimenunua pea mbili za viatu vya theluji, inchi 25 zote. Kwa ambao hawajaviona, ni fremu pana ya plastiki au aluminiamu unayoifunga chini ya buti, ina meno ya chuma chini ya vidole, uzito wako unatandazwa ili usizame. Muuzaji hakuniuliza kilo zangu, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Nina kilo 92, na begi lilikuwa la kilo 14. Mpwa wangu alipita juu ya theluji kama anayetembea kwenye godoro. Mimi kila hatua nazama hadi gotini, na kuuchomoa mguu pamoja na fremu iliyobeba theluji juu yake ni kazi ya kung'oa kisiki. Tulikwenda kilomita 2 kwa saa mbili na nusu.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Upepo ulipoanza, kijana alisogea kwenye mti mmoja wa jamii ya msonobari, matawi yake ya chini yamelala juu ya theluji, akitaka kujikinga. Nilimwona yupo, kisha sikumwona. Kilichobaki juu ni glavu moja ya njano na ncha ya fimbo. Chini ya mti ule palikuwa na shimo kuzunguka shina, matawi yamelifunika kama paa. Aliingia kwa miguu, theluji ikamfika kwapani, na kila akijitikisa inaporomoka nyingine kutoka matawini na kumjaa shingoni. Viatu vilinasa huko chini kama vimemiminiwa zege. Nililala kifudifudi nikachimba kwa sufuria yetu ya chai, dakika kama 20, mpaka nikaufikia mkanda wa kiatu na kuufungua. Muda wote alikuwa ananiita "Mjomba, Mjomba," kwa sauti ndogo, ili asiyatikise matawi.

Mama yake alinikabidhi mtoto huyu mkononi. Sasa nauliza wanaoijua theluji ya milima hii: Tallac inapandika mwezi huu kwa watu kama sisi? Na ni nini nisichokijua? Maana mlima naujua, lakini siku ile niliona kwamba kuna kitu kizima hapa ambacho Kilimanjaro haikunifundisha.

---

DadaWaTahoe (Aprili 11, 2023)

Kaka, kwanza nashukuru Mungu kwamba kijana aliingia kwa miguu. Wanaoingia kwenye mashimo yale kwa kichwa mara nyingi hawajitoi wenyewe. Theluji inajaa mdomoni na puani, na mwenzao yuko hatua 30 mbele hajui kitu. Mwaka huu hakuna kuusogelea mti wenye matawi yanayogusa theluji. Kujikinga upepo, chimba au geuza mgongo. Na kila mmoja awe na filimbi shingoni, si ndani ya begi.

Nimeishi South Lake Tahoe miaka 14. Nafanya kazi hotelini, na siku zangu za mapumziko za majira ya baridi zote huishia mlimani. Sijaona mwaka kama huu. Mwezi wa tatu tulikuwa tunatoka nyumbani kwa dirisha la juu, na kila asubuhi kabla ya kazi nachimba bomba la moshi wa hita ili gesi isirudi ndani. Wapimaji wa jimbo la California walipokwenda Phillips Station, kando ya barabara ya 50, tarehe 3 mwezi huu, kijiti kilisoma inchi 126.5. Hizo ni zaidi ya mita 3, asilimia 221 ya wastani wa wakati huu wa mwaka. Ukiiyeyusha hiyo yote unapata kina cha maji cha inchi 54. Kule kwenye maabara ya theluji ya chuo kikuu karibu na Donner Pass, jumla ya iliyoanguka msimu huu imeshapita inchi 700. Na ni theluji nzito yenye maji, wenyeji wanaiita saruji ya Sierra, kwa jina la safu ya milima hii. Mpwa wako ameshaonja kwa nini.

Ukiniuliza mwaka wa namna hii unabadilisha nini, nitakwambia unaifuta ramani unayoijua. Mwaka wa kawaida mteremko una vichaka vya manzanita, mawe, miti michanga, vyote vinashika theluji isiteleze. Sasa vimezikwa. Pale ulipopaona Agosti pana vichaka na mawe leo ni mteremko laini kama shuka lililopigwa pasi, na macho yako yanakwambia panapitika. Alama za njia ziko chini ya miguu yako. Vijito navyo vimefunikwa: unasimama juu ya theluji, chini yako maji yanakula taratibu, na Mei ikifika lile daraja linabaki unene wa mkate. Ukisikia maji chini na huyaoni, rudi nyuma kwa nyayo zako zilezile.

Kuhusu viatu: vinachaguliwa kwa uzito wa mtu PAMOJA na begi lake. Kilo 106 juu ya inchi 25 lazima uzame. Wewe unahitaji inchi 30, au ile ya inchi 25 yenye mkia wa kuongezea. Usinunue tena bila kujaribu, maduka ya hapa yanakodisha kwa siku. Fimbo ziwe na visahani vipana chini, vile vidogo vya kiangazi vinapita tu kama sindano. Ukipanda, inua kile kichuma cha kisigino, mashavu ya miguu yatakushukuru. Halafu viatu hivi vimeundwa kwa kupanda moja kwa moja na kutembea tambarare. Ukikata mteremko kwa ubavu, fremu inapinda upande, meno yako vidoleni tu, na kisigino kinakwenda zake bondeni. Kwenye mteremko mgumu wa asubuhi hapo ndipo watu wanapoanza kuteleza na hawasimami.

Sasa Tallac yenyewe. Umeupima kwa mita za kilele, kama tunavyopima sote tuliotoka nyumbani. Hapa pima kwa nyuzi za mteremko. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na Tallac upande wa ziwa ni mabakuli ya namna hiyohiyo, moja juu ya jingine. Njia ya kiangazi inapita Floating Island Lake, kisha Cathedral Lake, halafu inapanda ndani ya bakuli lenyewe. Wanaopanda majira ya baridi wengi hufuata ukingo wa kaskazini mashariki, na hao ni watu waliosoma theluji, wenye vifaa, na wanaosoma taarifa ya Sierra Avalanche Center, kituo cha tahadhari ya maporomoko, kila asubuhi kabla ya kufunga kamba za viatu. Hatari inapewa namba, 1 mpaka 5. Wengi wanaiogopa 4 na kubaki nyumbani. Namba 3 ndiyo inayoua, kwa sababu mtu anaisoma kuwa ni katikati.

Theluji inakaa tabaka kwa tabaka. Tabaka gumu likilala juu ya tabaka lisiloshikana, ni kama bamba la zege umelilaza juu ya maharage makavu. Wewe ndiye unayeongeza uzito wa mwisho. Nimewahi kuisikia ikishuka chini yangu: sauti nzito, moja, kama gunia la mahindi lililoangushwa sakafuni chumba cha pili, na ufa ukakimbia kutoka kwenye ncha ya kiatu changu hadi kwenye mwamba, mita 15 hivi. Pale palikuwa karibu na tambarare, kwa hiyo hapakwenda popote. Niligeuka bila kusema neno, na mwenzangu aligeuka bila kuniuliza.

Jibu langu ni hapana, kaka. Tallac msiende mwezi huu. Nendeni Angora Ridge. Ni barabara ya mgongo wa kilima, inafungwa kwa magari majira ya baridi, mwinuko wake mpole, na ukifika juu una Fallen Leaf Lake chini yako na Tallac nzima mbele ya macho, unaisoma kama ubao. Nendeni kimya cha asubuhi. Kuna miti mingi iliyokufa tangu moto wa 2007, ule ulioteketeza nyumba 254, kwa hiyo siku ya upepo msipumzike chini yake.

---

MsafiriOslo (Aprili 12, 2023)

Salaam kutoka Norwe. Dada amemaliza karibu yote, naongeza mawili.

Sufuria ilikufaa kwa sababu theluji ile ilikuwa laini. Theluji iliyoporomoka ikisimama inagandamana palepale, huwezi kuifukua kwa mkono wala kwa sufuria. Mnahitaji vitu vitatu kwa kila mtu, si kwa kundi: redio ndogo ya kutafutana inayovaliwa mwilini (zote duniani hutumia mawimbi ya kilohezi 457, kwa hiyo ya kampuni yoyote inaisikia ya nyingine), kijiti kirefu cha kukunja cha kuchomea kutafuta mtu, na sepetu ya chuma. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 hivi nafasi yake ya kuishi ni kubwa, baada ya hapo inaanguka kwa kasi. Hakuna helikopta ya dakika 10. Mwokozi ni mpwa wako, na wa mpwa wako ni wewe. Zikeni begi lenye redio kwenye uwanja wa tambarare, tafuteni, pimeni saa. Mara ya kwanza mimi na mke wangu tulichukua dakika 19 na tulikaa kimya njia nzima kurudi nyumbani.

La pili: huku kuna kanuni 9 za mlimani ambazo watoto hufundishwa shuleni, na ya 8 inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Nimewaona wazee wa miaka 70 wakigeuka wakiwa wamebakiza mita 100, wakanywa kahawa yao na kushuka.

Na kwa kuwa uko Reno: Genoa si mbali nawe, ipo sanamu ya Mnorwe mmoja, John Thompson, aliyebeba barua kati ya Placerville na Genoa, kuivuka Sierra yote, kuanzia 1856 kwa miaka kama 20. Walimwita Snowshoe Thompson, lakini alichovaa si hivi viatu vyetu, ni mbao ndefu za kuteleza, akishika fimbo moja. Nenda kamtazame.

---

MgumuWaMarangu (Aprili 12, 2023)

Dada, asante sana. Ile habari ya gunia la mahindi imeniingia, maana Februari tuliisikia sauti hiyo mara mbili tukiwa karibu na ziwa, na mimi nikamwambia kijana ni theluji inajipanga. Sikujua nilichokuwa nakisikia.

Msafiri, asante. Nimepata darasa la siku moja la maporomoko, tumejiandikisha sote wawili. Naomba kuuliza ya tumbo na macho: huku mnakula nini mlimani, na macho mnayakinga vipi? Februari ndizi ziligeuka mawe, na chujio langu la maji liliganda.

---

Kiongozi_Moshi (Aprili 13, 2023)

Shikamoo kaka mkubwa. Nipo Moshi, bado napanda. Sijavaa viatu hivyo, ila theluji ya magotini juu ya Gilman's, kule ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, nimeipiga buti sana, mtu wa mbele anakata ngazi, wa nyuma wanaingia mumo humo, na tunabadilishana kila hatua 50. Nadhani na huko ni hivyo.

Macho: tafadhali, miwani ya giza yenye kuziba pembeni, toka jua linapochomoza, hata kukiwa na mawingu. Mwaka juzi mgumu (mbeba mizigo) mmoja wetu alimpa mgeni miwani yake pale ukingoni. Usiku kule kambi ya Horombo akawa anahisi mchanga wa moto machoni, machozi yanatiririka, hawezi kutazama hata mwanga wa tochi. Tulimfunga kitambaa cha maji baridi, tukamshusha amemshika mwenzake begani. Alipona baada ya siku mbili, lakini zile siku mbili alikuwa kipofu. Theluji mpya inarudisha kiasi cha asilimia 80 ya mionzi ile, kwa hiyo jua linakupiga mara mbili, la juu na la chini.

---

DadaWaTahoe (Aprili 13, 2023)

Kiongozi amesema kweli. Na ngozi zetu nyeusi zinaungua pia, jamani, msidanganywe. Pakeni mafuta ya jua chini ya kidevu, chini ya pua, na nyuma ya masikio, huko ndiko mwanga wa chini unakopiga. Niliungua ndani ya matundu ya pua 2017, wiki nzima kila nikipumua naumia.

Chakula: chapati. Isiyo kavu, yenye mafuta ya kutosha, ipake siagi ya karanga, ikunje, iweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Haigandi, na unaila ukitembea bila kuvua glavu zote mbili. Tende na korosho pia. Uji kwenye chupa ya chai, mzito, wenye sukari. Maji yabebwe chupa imepinduliwa, mdomo chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Chujio lililoganda, kaka, litupe. Vile vijineli vya ndani hupasuka na huwezi kuona kwa macho, maji yanapita kama yamechujwa kumbe hayajachujwa. Ukiyeyusha theluji, anza na maji kidogo kwenye sufuria, vinginevyo inaungua na chai itanuka moshi. Mtungi wa gesi lala nao.

Muda: Aprili na Mei theluji inaganda usiku na kulegea mchana. Anzeni saa 11 alfajiri, muwe mmeshuka kabla ya saa 6 mchana. Buti likianza kuzama hadi kifundo cha mguu kwenye mteremko, hapo mmeshachelewa, tokeni kwenye mteremko huo. Na magari yanahitaji kibali kwenye yale maegesho ya theluji, msije mkakuta karatasi ya faini kiooni.

---

MgumuWaMarangu (Julai 24, 2023)

Wakuu, narudi kutoa mrejesho, maana mlinisaidia kwa moyo.

Angora tulikwenda Mei, mara mbili. Mara ya pili tulikaa saa nzima juu ya mgongo ule na darubini, mpwa wangu na daftari, tukiisoma Tallac kama ulivyosema dada. Saa 5 na dakika 20 asubuhi, jua limeshalipata bakuli la juu, tuliona mstari mweusi mwembamba umetokea chini ya miamba, kisha kipande kizima kikaanza kutembea. Taratibu kabisa, kama uji mzito unaomiminwa. Sauti ilitufikia baadaye. Kilipita juu ya mahali ambapo kwenye ramani yangu ya Aprili nilikuwa nimechora kalamu nyekundu, na kuandika "chai".

Darasani tulifukua begi kwa dakika 14, kisha 9, kisha 7. Kijana ana mkono mwepesi kuliko mimi. Mimi ndiye ninayechimba.

Tallac tuliipanda Jumamosi iliyopita, Julai 22, siku ileile waliyofungua barabara ya Tioga kule Yosemite, haijawahi kuchelewa hivyo. Hesabu ya mwisho pale maabara ya Donner nimesikia ni inchi 754. Tulianza saa 11 alfajiri. Kwenye kijito kabla ya Cathedral Lake lile daraja la theluji lilikuwa limeanguka katikati, kingo zake bado zimesimama, na unene nilioupima kwa fimbo ulikuwa kiganja kimoja. Nyayo za mtu zilikuwa zimefika hadi ukingoni na kurudi. Tulipanda kijito juu nusu saa hadi tulipopata gogo. Ndani ya bakuli theluji ilikuwa bado ipo, ngumu, imejaa vishimo vishimo vya jua, tukavaa meno ya chuma kwenye buti na kushika shoka za barafu. Pale mteremko ulipozidi, tulipima nyuzi, tukatoka kando kwenye mawe.

Juu tulikaa dakika 40. Kijana alimpigia mama yake simu ya video, akamzungushia ziwa lote. Dada yangu aliuliza kama kule ndiko mtoto alikozama. Nikamwambia hapana, pale ni mbali, na nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa sijamweleza. Alinyamaza, kisha akaniambia nishuke naye polepole.

Dada wa Tahoe, tukishuka tulipita South Lake Tahoe nikanunua unga wa chapati, nilitamani kukutumia salamu ila sikutaka kukusumbua kazini. Vile viatu vya inchi 25, pea moja ameshaichukua mpwa wangu moja kwa moja, kilo zake 64 zinavifaa. Pea yangu naigawa bure kwa mwenye uzito wa namna hiyo. Mimi natafuta vya inchi 30 vilivyotumika, visiwe na ufa kwenye fremu. Mwenye navyo karibu na Reno anijulishe hapahapa kabla ya Novemba.